Kesi ya Nyani, Hakimu Ngedere: Aliyepigwa na Polisi Ashtaki Wapi?

Wananchi wenzetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe,

Mnamo Desemba 1991 Bunge la Kenya lilikifuta kifungu cha 2A cha Katiba, kile kilichoingizwa mwaka 1982 ili nchi nzima iwe na chama kimoja kwa nguvu ya sheria. Tuliambiwa wakati ule, nasi tukasadiki, kwamba ukiritimba umezikwa. Tangu hapo vyama vimekuwa vingi, magazeti yamekuwa mengi, na mwaka 2010 tukajipatia Katiba mpya yenye sura nzima ya haki za binadamu. Lakini ipo meza moja ambayo mageuzi hayajaifikia. Ni meza ya kupokea malalamiko katika kituo cha polisi. Pale tungali katika utawala wa chama kimoja: anayepiga ndiye anayeandika, anayeandika ndiye anayechunguza, na anayechunguza ndiye ashikaye ufunguo wa kabati la ushahidi.

Wahenga walisema kesi ya nyani hakimu akiwa ngedere, hukumu yajulikana kabla ya shahidi kusimama. Sisi tulio mawakili twaongeza neno moja tu. Haki ya mtu aliyeteswa na polisi kwa kawaida haipotei mbele ya jaji. Hupotea katika siku tatu za kwanza, kabla jaji hajaisikia na kabla wakili hajaitwa, na hupotea kwa sababu ya karatasi mbili.

KARATASI MBILI

Tuchukue mfano wa kuli wa Chaani atokaye zamu ya usiku bandarini. Asimamishwa njiani, aulizwa kitambulisho, ajibu neno lisilopendeza, apigwa rungu hata mkono ukavunjika, kisha alfajiri aachiliwa bila shtaka lolote. Hatumpi jina mtu huyu, kwa maana mfano wake ni wa wengi, na kila wakili wa mji huu atautambua.

Kuli huyu afika hospitali ya Port Reitz. Daktari amfunga mkono, kisha amwuliza: fomu ya P3 iko wapi? P3 ni fomu ya polisi. Sehemu ya kwanza hujazwa na askari, na sehemu ya pili hujazwa na daktari. Nayo haitolewi mpaka malalamiko yaandikwe katika OB, yaani kitabu cha matukio, na mlalamishi apewe nambari. Basi mtu aliyepigwa na askari usiku hana budi kurudi asubuhi kwenye kituo kile kile, asimame mbele ya mwenzake yule askari, amwombe ruhusa ya kumshtaki.

Yule wa mezani ana njia nne za kumjibu. Aweza kusema kitabu kinatumika, rudi kesho. Aweza kuandika kwamba mlalamishi alikuwa mlevi akaanguka. Aweza kuandika kwamba alipigwa na watu wasiojulikana. Na kama mlalamishi ni mkaidi wa kudai haki yake, aweza kumrudisha ndani kwa shtaka la kumshambulia afisa aliye kazini. Hapo mlalamishi agundua kwamba amegeuzwa mshtakiwa, na lile jeraha lililokuwa ushahidi wake sasa laelezwa kuwa alama ya ukorofi wake.

Wakati huo mwili nao haungoji. Uvimbe hushuka, michubuko hufifia kwa siku chache, shati lenye damu hufuliwa na mama asiyejua kwamba anafua ushahidi. Kuli naye ana watoto, na zamu aliyoikosa hailipwi. Siku ya nne arudi bandarini, mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa, na kesi yake imekwisha bila ya kuanza. Hakimu hatamwona kamwe. Katika takwimu za Serikali mtu huyu hakupigwa.

SHERIA YASEMAJE?

Si kwamba nchi yetu imekosa sheria. Kifungu cha 49 cha Katiba chasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, akae kimya akipenda, awasiliane na wakili, asilazimishwe kukiri, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, isipokuwa saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama hayakai. Kifungu cha 25 chasema uhuru wa kutoteswa hauwezi kupunguzwa kwa hali yoyote. Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017 yamtishia mtesaji kifungo cha hadi miaka 25. Ungamo la mshtakiwa halikubaliki tena kwa kuwa tu limeandikwa kituoni. Lazima litolewe mbele ya jaji, au hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotajwa na sheria na asiyeichunguza kesi hiyo, na mtu aliyechaguliwa na mshtakiwa awepo.

Zaidi ya hayo, kifungu cha 22 chamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu kutetea haki iliyovunjwa, iwe yake au ya mwenziwe asiyeweza kwenda mwenyewe, wala hatozwi ada ya kufungua shauri hilo. Kanuni za mwaka 2013, zilizotungwa wakati wa Jaji Mkuu Willy Mutunga, zafika mbali zaidi: mahakama yaweza kupokea hata barua, hata malalamiko ya mdomo, kisha yakaandikwa. Hakuna mahali Katiba inaposema kwamba asiye na P3 hana haki. Maandishi ya daktari, picha ya eksirei, ushuhuda wa jirani aliyeona, vyote ni ushahidi.

Ajabu ni kwamba sheria imeufungua mlango wa juu wazi kabisa, huku ule wa chini umefungwa kwa komeo. Ni wangapi Mtongwe, Mlaleo au Miritini waliowahi kuambiwa kwamba Jaji wa Mahakama Kuu aweza kupokea barua yao? Lakini kila mtoto wa mtaani amekwisha kuambiwa: nenda kachukue P3.

YALIYOTOKEA LIKONI

Hatusemi haya kwa nadharia. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, maelfu ya watu walipanga foleni kivukoni Likoni wakitoka kazini kisiwani, wakitaka kufika makwao kabla ya saa moja ya jioni. Muda wa kafyu haukuwa umefika. Polisi wakawafyatulia gesi ya kutoa machozi, wakawapiga kwa marungu, wakawalaza chini wakiwa wamesongamana, nayo ndiyo hali ambayo amri ile ilikusudia kuizuia. Picha zilionekana dunia nzima. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwaomba Wakenya radhi tarehe 1 Aprili.

Chama cha Mawakili Kenya kilikwenda Mahakama Kuu. Na jambo la kutafakari ni hili: katika orodha ya watu walioruhusiwa kutembea wakati wa kafyu, mawakili hawakuwemo, wala watumishi wa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi. Askari aliruhusiwa kutembea usiku. Aliyepewa kazi ya kumchunga askari alitakiwa alale. Tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini matumizi ya nguvu kupita kiasi katika kuitekeleza yalivunja Katiba. Aliamuru pia mawakili na IPOA waingizwe katika orodha ile.

Ilikuwa hukumu njema, nasi twaisifu. Lakini tuitazame kwa macho ya mama muuza samaki aliyepigwa mgongoni pale kivukoni. Hukumu ilitamka kanuni kwa taifa zima, naye akabaki na mzigo wa kuthibitisha jeraha lake mwenyewe. Ili adai fidia yake, yampasa aseme ni nani aliyempiga, kati ya askari waliovaa sare moja na kofia za chuma. Yampasa awe na karatasi. Na karatasi zile mbili zilikuwa wapi jioni ile? Zilikuwa kituoni, na kituo kilikuwa barabarani kikipiga watu.

Kivuko hicho hicho kina kumbukumbu nyingine. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 washambulizi walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha kivukoni, wakawaua askari, wakaiba bunduki, kisha wakawaandama wananchi waliotoka bara. Ulikuwa unyama usio na udhuru. Lakini msako uliofuata uliwazoa wengi wasiokuwemo, na shirika la Human Rights Watch lilichapisha mwaka 2002 simulizi za waliosema waliteswa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza mashahidi, ikaandika ripoti, ikaikabidhi Serikali mwaka 1999. Ripoti ikafungiwa hadi mwaka 2002. Kati ya 1997 na 2020 tumebadilisha marais, tumebadilisha Katiba, tumebadilisha hata jina la jeshi la polisi likaitwa huduma. Kitabu cha matukio kingali chini ya mkono ule ule.

ANAYESAIDIA NAYE HUANDAMWA

Baadhi ya wasomaji watatuuliza: kwani mashirika ya haki yako wapi? Yapo, na yamefanya kazi kubwa. MUHURI ilizaliwa Mombasa mwaka 1997. Haki Africa ikafuata. Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, kimewapa maskini mawakili kwa miaka hamsini. Lakini tuangalie walivyotendewa. Novemba 2014 polisi walivamia misikiti ya Musa na Sakina kisiwani, kisha Swafaa na Minaa huko Kisauni, wakawakamata vijana kwa mamia. Mashirika hayo yalipopaza sauti juu ya wanaokamatwa, wanaopotea na wanaouawa bila kushtakiwa, majina ya MUHURI na Haki Africa yalitokea Aprili 2015 katika orodha ya Serikali ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Iliwabidi watetezi wa watu watafute kwanza mawakili wa kujitetea wenyewe. Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru mwezi wa Novemba 2015 akaunti zifunguliwe. Kwa miezi ile yote mzazi wa Kisauni aliyepotelewa na mwana alibisha mlango wa msaidizi ambaye mikono yake imefungwa.

Na nani asiyemkumbuka Willie Kimani? Mteja wake, Josephat Mwenda, alikuwa dereva wa bodaboda aliyepigwa risasi na askari mwaka 2015. Akafanya hasa kile tunachowashauri wananchi: akapeleka malalamiko IPOA. Akafunguliwa mashtaka ya kubambikiwa. Tarehe 23 Juni 2016, walipotoka mahakama ya Mavoko, wakili, mteja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa nyara, wakauawa, na miili yao ikapatikana mtoni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja. Mwaka uliofuata Fredrick Leliman, askari aliyelalamikiwa na Mwenda, akahukumiwa kifo. Haki ilipatikana, lakini baada ya makaburi matatu.

Twayataja haya si kwa kuwatia hofu bali kwa sababu hofu ipo, na kumwambia mwananchi wa Timbwani "nenda kashtaki" bila kuitaja hofu hiyo ni kumdanganya.

WASEMAO POLISI WASIFUNGWE MIKONO

Wako pia majirani zetu wema wanaosema: Kisauni imekumbwa na makundi ya vijana wenye mapanga, mama hawezi kwenda dukani magharibi, mkiwafunga polisi mikono nani atatulinda? Hoja hii si ya kupuuza. Sisi pia twaishi huku, nasi watoto wetu hupita njia zile zile.

Lakini tuulize: mateso yamekamata nani? Kijana akipigwa mpaka akakiri, aliyefanya uhalifu angali mtaani usiku huo huo, naye sasa ana hakika kwamba faili imefungwa. Kesi ikifika mahakamani yavunjika, maana ungamo la kipigo halisimami. Na jirani aliyeona mwenye panga hatakwenda kituoni kusema, kwa kuwa amekwisha kuona wanaokwenda kituoni hurudi vipi. Polisi anayepiga hujinyima macho na masikio ya mtaa mzima. Usalama wa Kisauni wataka polisi anayeaminika, wala hakuna anayemwamini mtu ambaye hawezi kushtakiwa.

Tena twajua kwamba inawezekana. Agosti 2014 polisi walimuua kwa risasi msichana wa miaka 14 nyumbani kwao Kinango, Kwale, wakadai aliwashambulia kwa panga. Kesi hiyo haikuachwa mikononi mwa kituo, IPOA iliichunguza. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu maafisa wawili kifungo cha miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Ilikuwa mara ya kwanza kesi iliyochunguzwa na IPOA kuleta hukumu ya hatia. Tofauti baina ya familia ile na kuli wetu wa Chaani haikuwa sheria, kwa maana sheria ni moja. Tofauti ilikuwa nani aliyeandika karatasi ya kwanza.

TUNAYODAI

Kwa hiyo, bila kigugumizi, twadai haya.

Kwanza, fomu ya majeraha itolewe na hospitali. Mtu akifika Port Reitz, au hospitali ya Likoni, au Hospitali Kuu ya Pwani, daktari ampime na aandike aliyoyaona bila ya kungoja muhuri wa polisi, na nakala apewe mgonjwa mkononi.

Pili, malalamiko dhidi ya polisi yasipokewe na kituo kinacholalamikiwa. IPOA ina sheria yake tangu mwaka 2011. Na iwe na meza kivukoni Likoni, na nyingine Kisauni na Changamwe, si jijini tu. Hatutaki mtu wa Shika Adabu avuke bahari ili aseme kwamba amevunjwa mkono.

Tatu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ipewe fedha za kutosha, ili pawepo wakili wa zamu usiku na mchana kwa ajili ya waliomo rumande ya polisi upande wa bara. Haki ya kumpigia wakili simu haina maana kwa mtu asiyekuwa na wakili wala simu.

Nne, irekebishwe sheria inayomtaka raia aishtaki Serikali kwa madhara ndani ya miezi 12, ilhali Serikali yenyewe ikishindwa yaweza kukaa miaka bila kulipa, kwa sababu mali yake haishikwi na dalali wa mahakama. Mahakama yamekwisha kukubali kwamba dai la kuvunjwa haki za Katiba halifungwi na muda huo. Mwaka 2010 wahanga wa vyumba vya mateso vya Nyayo House walipewa fidia kwa yaliyowapata miongo miwili kabla. Lakini mwananchi asiyejua tofauti ya mashauri hayo mawili huambiwa umechelewa, akarudi nyumbani.

MWANANCHI AFANYE NINI LEO

Mpaka madai haya yatimizwe, twawashauri hivi. Aliyeumizwa aende hospitali kwanza, kabla ya kituo, na amwambie daktari wazi ni nani aliyemwumiza, ili iandikwe. Ahifadhi nguo bila kuzifua. Apigwe picha siku hiyo na siku zifuatazo. Aandike saa, mahali, nambari ya gari, nambari iliyo kwenye sare kama aliiona, na majina ya walioshuhudia. Asiende kituoni peke yake. Aende na mzee wa mtaa, au imamu, au mchungaji, au msaidizi wa sheria, na adai nambari ya OB. Akinyimwa, anyimwe mbele ya shahidi. Kisha apeleke malalamiko IPOA moja kwa moja, maana halazimiki kuwa na P3 ili asikilizwe huko. Na kama jamaa yenu amekamatwa na saa 24 zimepita hamjui aliko, msingoje kesho: wakili, au ninyi wenyewe, mwaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake akiwa hai.

Twawaasa pia mawakili wenzetu wa kisiwani. Ofisi zetu ziko upande mmoja wa maji, na wanaotuhitaji mno wako upande wa pili. Katika hizo siku tatu ambazo haki hupotea, wakili mmoja aliyevuka kivuko Jumamosi asubuhi ana faida kuliko kumi watakaosimama kwa ufasaha mbele ya jaji baada ya miaka mitano.

Ipo methali isemayo mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi twaikubali nusu yake ya pili tu. Hatuombi polisi watuhurumie, wala hatuombi msamaha mwingine wa rais baada ya picha kuenea. Twadai kwamba aliyepigwa asilazimike kumwomba aliyempiga kalamu ya kuandikia. Kila mgombea atakayekuja kuomba kura Likoni, Kisauni au Changamwe na aulizwe swali hilo moja hadharani, na jibu lake liandikwe na wananchi wenyewe.